Kidoti kimoja (') kimenila 45,000: tusaidiane hizi nomino za Kiingereza, wingi na umilikaji

FundiRangi (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mchora mabango, kijiwe changu kipo Ngamiani, Tanga. Huu mwaka wa kumi na mbili nashika brashi. Nimechora maduka ya nguo, gereji, bucha, ubavu wa mabasi ya Pangani na Muheza, mashua mbili tatu. Sijawahi kurudishiwa kazi mpaka wiki iliyopita.

Dada mmoja anafungua saluni Makorora. Kanipa kipande cha karatasi ya daftari, kaandika kwa kalamu: ladies salon. Kasema, "Fundi, panga unavyojua, ila liwe la kisasa." Nikalipiga bati rangi nyeupe koti mbili, likakauka, nikachora kichwa cha mwanamke kaangalia pembeni ana mabutu, halafu herufi nyekundu zenye kivuli cheusi: LADIE'S SALON. Chini yake, kwa herufi ndogo: WE PLAIT ALL HAIRS.

Ile alama ya juu niliitia mimi mwenyewe, kwenye karatasi haikuwepo. Niliona inapendeza. Kila bango zuri la Kiingereza hapa mjini lina kile kidoti, nikasema langu likose kwa nini?

Bango limekaa siku tatu. Ya nne kapita binti msomi, kacheka, kapiga picha, picha ikaingia kwenye magrupu. Saa mbili usiku mwenye saluni ananipigia, sauti kama ya mtu aliyeibiwa. Basi nimelishusha, nimelipiga msasa, nimeanza upya kwa gharama zangu. Rangi, tina, na siku nzima sijashika kazi nyingine: 45,000 imekwenda, kwa alama isiyozidi punje ya mchele.

Sasa wakuu, ile alama hukaa wapi, na kwa nini hukaa hapo? Msinambie kariri. Kukariri ndiko kulikonifikisha hapa.

BaiskeliMbovu

LADIE'S 😂😂 Mkuu pole sana. Mimi nimekaa paleee nawasubiri wataalamu.

MzeeWaKahawa

Nina swali moja tu. Saluni ipo Makorora, wasusi wa Makorora, vichwa vya Makorora. Hiyo ladies ya nini? Andika SALUNI YA KINA MAMA uone kama kuna mtu atakupiga picha.

FundiRangi

Shikamoo mzee wangu. Nilimwambia hivyohivyo. Kanijibu kwamba bango likiwa la Kiswahili watu wanaanza kuomba wapunguziwe bei ya kusuka. Mteja ndiye anayelipa, mimi nafuata.

BiMkubwaChumbageni

Fundi, nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja. Nimestaafu, asubuhi nauza maandazi, mchana nasahihisha watu. Kaa chini nikueleze.

Kwanza jina. Hicho kidoti ni ritifaa, na unakijua tangu darasa la kwanza. Ndicho kinachokaa kwenye ng'ombe na ng'ambo. Kwetu sisi kazi yake ni sauti, kututenganishia ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Kwa Waingereza kina kazi mbili: kumwonyesha mwenye mali, na kuonyesha kwamba pana herufi imeng'olewa. Wingi haukihusu. Hapo ndipo ulipoteleza, uliona s ukadhani kila s ina kidoti chake.

Sasa twende kwenye neno lako. Bibi mmoja ni "lady". Y ya mwisho ikitanguliwa na konsonanti, kwenye wingi hugeuka: "ladies". Ikitanguliwa na irabu haisumbuliwi: "boys", "keys". Huo ndio wingi, mikono mitupu, haumiliki kitu. Ukitaka kusema saluni ya bibi mmoja, ni "lady's salon". Ya mabibi wengi, "ladies' salon", kidoti baada ya s. Ulichoandika wewe ni saluni ya "ladie", na "ladie" hayupo. Umemmilikisha saluni mtu ambaye hajazaliwa.

Dawa yake ni hii, na mchoraji utaielewa kuliko mwanafunzi. Mwandike mwenye mali mpaka umalize herufi zake zote, awe mmoja au wawe wengi. Weka brashi chini. Kisha piga ritifaa. Kama neno lilikwisha kuishia na s ya wingi, umemaliza. Kama halina s hiyo, ongeza. Kwa hiyo wavulana ni "boys" halafu kidoti basi, lakini watoto ni "children" halafu kidoti na s, "children's". Wanawake "women's". Kosa lako lilikuja kwa sababu ulipiga ritifaa katikati ya neno, mwenye mali hajamalizika.

FundiRangi

Shikamoo mwalimu. Weka brashi chini! Hiyo sitaisahau. Lakini bado sijaelewa kwa nini kidoti anapewa mwenye mali. Kwetu sisi mwenye mali haguswi.

BiMkubwaChumbageni

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali ambalo kwa miaka yote hiyo niliulizwa labda na wanafunzi watatu.

Tazama. Duka la Asha. Kiti cha Asha. Maduka ya Asha, viti vya Asha, uzi wa Asha, nyuzi za Asha. Asha hajabadilika hata mara moja. Kinachobadilika ni kile kiunganishi, la, cha, ya, vya, wa, za, na kinachokibadilisha ni mali. Kiswahili kinatazama mali kwanza, kinaitaja kwanza, kinaivalisha nguo ya ngeli yake, mwenyewe anakuja nyuma. Kiingereza kimegeuza foleni. Mwenye mali anatangulia, alama inambandikwa yeye, na mali inakuja nyuma haina habari: "Asha's shop", "Asha's shops", "Asha's chair". S ni ileile, mali iwe nini iwe nini.

Kwa hiyo mtu wa Tanga anayeandika Kiingereza inabidi amsogeze Asha mbele na ile -a yote ya Kiswahili, yenye sura chungu nzima, aikunje iwe kidoti na s. Ukielewa hilo umekwisha kuelewa nusu ya umilikaji.

KidatoChaNne_TA

Samahani mwalimu, mimi niliambiwa hiyo 's ni kifupi cha "his". Yaani "the king's house" zamani ilikuwa "the king his house", mfalme nyumba yake. Kidoti kinaonyesha hi imeng'olewa.

BiMkubwaChumbageni

Usijilaumu mwanangu, wasomi wa Uingereza wenyewe waliwahi kuamini hivyo, na wapo walioandika "the king his" wakidhani ndiyo asili. Lakini jiulize, "Asha's shop" ingekuwaje? Asha "his" shop? Asha mwanamume?

Asili yake ni mwisho wa neno. Kwenye Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja nyuma, nomino nyingi za kumiliki ziliishia na es. Mfalme "cyning", -a mfalme "cyninges". Ile e ikafifia kwenye kutamka. Ritifaa yenyewe iliwafikia karne ya 16 kutoka Ufaransa, kama alama ya herufi iliyoachwa. Kwa hiyo kweli pana kitu kiling'olewa, lakini ni e. Na ule mtindo wa kuweka kidoti baada ya s ya wingi ulichelewa zaidi kutulia. Msidhani sheria hizi zilishuka na mvua.

Baharia_Deepsea

Bi Mkubwa umenikumbusha mbali. Mimi nimetembea na meli, na huko kwao ritifaa ni vita ya mtaa kwa mtaa. Mji wa Birmingham, Uingereza, mwaka 2009, halmashauri iliamua mabango ya barabara yaandikwe bila ritifaa. Watu walikasirika kama wamefungiwa maji. Yale maduka makubwa ya vitabu ya Waterstones yalikuwa na kidoti kwenye jina, 2012 yakakitoa. Marekani ndiyo usiseme: tangu 1890 ile bodi yao ya majina ya mahali haikitaki kidoti kwenye ramani. Mlima Pikes Peak hauna, japo ni wa bwana Pike. Martha's Vineyard ni kati ya sehemu chache mno zilizoruhusiwa kubaki nacho.

Na kosa la fundi lina jina kabisa Uingereza. Wanaliita ritifaa ya muuza mboga, kwa sababu wauza mboga huandika kwenye vibao "potato's" na "apple's" wakiwa na maana ya viazi vingi na matufaha mengi. Fundi, huko ungekuwa na wenzako sokoni.

BaiskeliMbovu

Kumbe mzungu naye anachemka. Fundi rudisha bango la zamani, waambie ni la Kiingereza cha sokoni 😂

MamaWawili

Naomba niingie hapohapo kwenye wingi. Binti yangu yuko darasa la tano, juzi kaniuliza, "Mama, kama book ni books, kwa nini tooth si tooths?" Nikamwambia kalale.

BiMkubwaChumbageni

Akiamka mwambie hivi. "Jino moja, wingi wake?" Atasema meno. Mwulize, mbona si majino? Ile i imekwenda wapi?

Kwetu ilikuwa ma pamoja na ino. A ikakutana na i, zikayeyukiana zikawa e: meno. Kwa Kiingereza jambo lilikuwa la namna hiyohiyo ila kwa mkia. Zamani sana, kabla hata hakijaitwa Kiingereza, wingi wa baadhi ya maneno ulikuwa na i mwishoni. Ulimi ukiwa bado kwenye irabu ya katikati unajiandaa kwa i inayokuja, irabu ikavutwa mbele. Baadaye ile i ya mwisho ikapotea, lakini irabu iliyovutwa haikurudi. Ndipo tukapata "tooth" na "teeth", "foot" na "feet", "goose" na "geese", "mouse" na "mice", "man" na "men". Mzazi wa badiliko amekufa, mtoto kabaki na hakuna anayekumbuka baba yake.

"Children" ni kichekesho zaidi. Wingi wa kale uliishia na r. Watu wakaja kusahau kwamba ile r ni wingi, wakaongeza wingi mwingine juu, en, uleule wa "oxen". Ni kama vijana wa sasa wanavyosema mavitu. Vi ilikuwa inatosha, wakatia na ma.

MamaWawili

Mavitu!! Nyumbani kwangu ndilo neno la kila saa. Asante mwalimu, leo nitaonekana msomi.

FundiRangi

Na "women" je? Nilichora bango la vikoba, mgeni rasmi akasoma "wimini", nikadhani kakosea.

BiMkubwaChumbageni

Hakukosea. Kimaandishi inabadilika a ya silabi ya pili kuwa e, lakini sikio linasikia badiliko kwenye silabi ya kwanza: "wumani" mmoja, "wimini" wengi. Tahajia yao ni nguo ya kurithi, haiwatoshi na hawataki kuivua.

Hata s ya wingi ina sauti tatu na huandikwa vilevile. Weka vidole kooni. Sema ssss. Koo limetulia. Sema zzzz. Linatetema. Sasa "cats", t haitetemeshi koo, kwa hiyo s inabaki s. "Dogs", g inatetemesha, s inakuwa z, "dogz". Na neno likiishia na sauti ya kupuliza, kama "bus", "church", "dish", s haiwezi kubandikwa moja kwa moja, inaombewa irabu kidogo: "buses" inasikika "basiz". Kwenye maandishi ndiyo ile es. Darasani kwangu walikuwa wanashikana koo mpaka mwalimu mkuu akaja kuuliza pana ugomvi gani.

KidatoChaNne_TA

Mimi nina kanuni yangu ya s naomba muipime. Nomino na kitenzi wanagombea s moja. "The boy runs", s kaichukua kitenzi. "The boys run", s kaichukua nomino. Hawawezi kuwa nayo wote.

MtotoWaPangani

Dogo upo vizuri. Ila "children run" je? Hapo hakuna aliyeichukua.

KidatoChaNne_TA

Daah. S ilienda sokoni.

BiMkubwaChumbageni

Kanuni ya kijana ni nzuri kwa njia ya lami, ikifika kwenye vumbi shuka ukokote baiskeli. Na "news" ndilo shimo kubwa zaidi: ina s, lakini ni umoja. "The news is good." Sisi tunasema habari hizi ni nzuri, ndiyo maana watu wetu huandika "news are".

Hapo sasa, Fundi, turudi kwenye mstari wako wa pili ambao hukuuliza. WE PLAIT ALL HAIRS. Kwa nini uliweka s?

FundiRangi

Kwa sababu nywele ni nyingi mwalimu! Unywele mmoja nani anausuka?

BiMkubwaChumbageni

Na Kiswahili kinakubaliana nawe. Unywele, nywele, nywele zangu ni ndefu. Tunazihesabu kwa kauli hata kama hakuna aliyewahi kuzihesabu. Mwingereza anatazama kichwa kilekile anaona kitu kimoja, kama sisi tunavyoona mchanga: "my hair is long". Akisema "hairs" amehesabu, mbili tatu, mara nyingi ni zile alizozikuta kwenye chakula. Kwa hiyo bango lako lilikuwa linaahidi kusuka unywele mmojammoja.

Maji nayo yamekaa kinyume. Kwetu maji haya yamemwagika, mavazi yote ni ya wingi. Kwao "water is". Fanicha tunahesabu, fanicha tatu, kwao "furniture" haina wingi, na nusu ya mabango ya maseremala wa mji huu yameandikwa FURNITURES. "Information", "advice", "luggage", "equipment", zote hizo hazipokei s. Wakitaka kuhesabu hutia kipande mbele, "a piece of advice", kama sisi tunavyosema kipande cha sabuni.

Halafu wanageuka tena. Mkasi wetu ni mmoja, wao "scissors", wingi. Suruali moja, wao "trousers". Vitu vya miguu miwili na makali mawili wameviona viwili. Polisi, "the police are". Siwatetei.

MzeeWaKahawa

Samaki je? Maana hapa Tanga bila samaki mjadala haujakamilika.

Baharia_Deepsea

"Fish" mmoja, "fish" mia. Sawasawa na sisi, samaki mmoja samaki mia. "Fishes" utaikuta pale wanapozungumzia aina mbalimbali. Kondoo vilevile, "sheep" na "sheep". Tofauti ni kwamba sisi tukisema samaki wangu amepotea na samaki wangu wamepotea unajua mara moja. Kiswahili kinachelewesha wingi lakini lazima kitautoa mahali.

BaiskeliMbovu

Nimejifunza kuliko miaka minne ya sekondari. Uzi huu ubandikwe juu. Kwani wingi wa uzi si nyuzi? Na ngeli yake ndiyo U-ZI, yaani uzi upo kwenye ngeli ya U-ZI 😂 nani alipanga hii kitu.

MtotoWaPangani

Naomba niwaletee aibu yangu, nadhani inahusu.

Mimi natembeza wageni Pangani, mto, mji wa kale, mpaka kisiwani Maziwe. Siku moja nina wageni wanne kwenye boti, naeleza habari za bibi yangu mzaa mama. Nikasema, nakumbuka neno kwa neno: "My grandmother, he was born here. He loved his husband very much." Boti ikanyamaza. Mgeni mmoja mama mtu mzima kaniuliza taratibu, "Whose husband?" Nikajibu kwa kujiamini, "His!" Nahodha ambaye Kiingereza chake ni cha nanga na kamba ndiye aliyenikanyaga mguu.

Sasa Bi Mkubwa, nikiandika nakuwa sawa. Nikiongea, "he" inatangulia yenyewe. Nina ugonjwa gani?

BiMkubwaChumbageni

Huna ugonjwa, una Kiswahili. Sisi yeye ni yeye. Alizaliwa, alipenda, ile a haikuulizi ni mume au mke. Mtoto wa Kitanga anakua mpaka darasa la tatu ulimi wake haujawahi hata mara moja kulazimika kutenga jinsia kwenye kitenzi. Kisha unamwambia kila sentensi aamue. Akili inajua bibi ni mwanamke, ulimi una haraka unachukua iliyo karibu.

"His" na "her" ni kisa kizito zaidi, kwa sababu macho yetu yamezoea kutazama upande mwingine. Mume wake, kitabu chake, vitabu vyake, nyumba yake. Hiyo w, ch, vy, y imetoka wapi? Kwenye mume, kitabu, vitabu, nyumba. Kwenye mali, daima. Wewe ulitafuta pa kushika, ukamwona "husband", mwanamume, ukachukua "his". Kiswahili ndicho kilichokutuma utazame mali. Kiingereza kinataka ugeuze shingo umtazame mwenye mali. Bibi ni mwanamke, basi kila alichonacho ni "her": "her husband", "her son", "her bull". Hata awe na ng'ombe dume mia.

Kwa kuongea, nilichokuwa nawafanyisha wanafunzi ni hiki: kabla hujafungua mdomo mwone mwenyewe kwa macho ya moyo. Mwone bibi yako na kanga yake. Ukishamwona, "he" haiji.

MtotoWaPangani

Nimemwona mpaka nimemkumbuka. Ahsante sana Bi Mkubwa.

KidatoChaNne_TA

Mwalimu na "its" na "it's"? Nakosa kila mtihani.

BiMkubwaChumbageni

Hapo ritifaa inafanya ile kazi ya pili. "It's" ni "it is" au "it has" iliyobanwa. "Its" ni -ake ya kitu, haina kidoti, kama vile "his" isivyokuwa nacho. Viwakilishi vya kumiliki havipokei ritifaa: "hers", "ours", "yours", "theirs". Hao walizaliwa wanamiliki, hawahitaji hati. Nomino ndiyo inayohitaji hati. Vivyo hivyo "whose" na "who's".

Na "its" yenyewe ni kijana mdogo. Ilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 16. Kabla yake kitu nacho kilikuwa "his". Ile Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kwenye Mathayo 5:13, chumvi ikipoteza ladha yake imeandikwa "if the salt have lost his savour". Chumvi "his"! Mtoto wa Pangani, ungezaliwa wakati huo walau nusu ya makosa yako yangepita.

MamaWawili

Na mimi la mwisho kabla sijapika. Kwa nini mtu mmoja anaambiwa "you are"? "Are" si ya wingi?

BiMkubwaChumbageni

Ni ya wingi, kwa sababu "you" ilikuwa ninyi. Wewe ilikuwa "thou". Wakaanza kumwita mkubwa ninyi kwa heshima, heshima ikashuka mpaka kwa muuza mkaa, mwisho "thou" ikakosa wa kuitwa, ikabaki kwenye sala na mashairi. Leo Mwingereza akimwita mbwa wake anamwita ninyi. Na "they", yaani wao, hata si ya kwao, waliichukua kwa watu wa Skandinavia waliohamia kwao enzi za Waviking.

MzeeWaKahawa

Bi Mkubwa, maandazi yako yanauzwa upande gani wa Chumbageni? Nakuja na buli langu.

FundiRangi

Wakuu, nimechapisha maelezo yote nimeyabandika ukutani pale kijiweni. Bango la saluni limerudi juu: LADIES' SALON, chini WE PLAIT ALL HAIR TYPES, binti msomi kapita, kasimama, katafuta kosa, kaondoka. Nimefurahi kuliko siku niliyolipwa.

Sasa nina kazi mbili mezani. Moja ni duka la vifaa la bwana Abbas. Jina lake limeishia na s lakini yeye ni mmoja. Naweka brashi chini, napiga kidoti, halafu?

Baharia_Deepsea

Hapo hata wao hawajapatana. ABBAS' au ABBAS'S, zote utazikuta. Wewe si mtu wa mpira? Uwanja wa Newcastle ni St James' Park, hauna s ya pili. Ile bustani ya London ni St James's Park, inayo. James (Yakobo) jina moja, nchi moja, mabango mawili tofauti.

BiMkubwaChumbageni

Mwambie bwana Abbas alitamke duka lake kwa sauti. Akisema "Abasiz", mpe s ya pili. Akisema "Abas", mwachie kidoti. Na bei iwe ileile. Ya pili ni ipi?

FundiRangi

Ya pili ni duka la vitenge la ndugu wawili, Asha na Zuhura, barabara ya kumi na mbili. Niandike ASHA AND ZUHURA'S, au kila mmoja nimpe ritifaa yake?

BiMkubwaChumbageni

Duka likiwa moja, mali ya wote, ritifaa ni moja, anaibeba wa mwisho kwa niaba yao: ASHA AND ZUHURA'S SHOP. Kila mmoja akiwa na lake, kila mmoja na ritifaa yake, na maduka yawe wingi: ASHA'S AND ZUHURA'S SHOPS. Ulizia kwanza duka ni la nani.

FundiRangi

Duka ni moja, mwalimu. Ila tangu Jumapili hawasemezani, na kila mmoja kaniletea kianzio chake kwa siri.